Mjomba, darubini ya joto na nguruwe wa Luiche

Haya wadau, mwenzenu nimerudi. Najua nilipotea. Kwanza mitihani, halafu nikaenda nyumbani Ujiji, halafu safari ya kurudi ambayo yenyewe ingetosha kuwa stori ya siku tatu (treni ya Kigoma, si mnaijua). Sa hivi ni saa sita usiku, mwenzangu wa chumba anakoroma kama mashine ya kusaga, na mimi usingizi umegoma. Basi ngoja niandike.

Leo nawaletea kitu kilichoanza kama swali la mjomba sebuleni na kikaishia kunipeleka maktaba. Mwalimu wangu wa semina akikiona atasema hakina tanbihi hata moja. Ni kweli, hakina.

Ilikuwa hivi. Tuna binamu yetu anafanya kazi Maskati. Alipokuja likizo safari hii alikuja na kadude fulani, kanatoshea kiganjani, unaweka jicho moja. Ukichungulia, dunia yote inakuwa ya kijivu, na kila chenye joto kinang'aa mweupe. Tulizima taa uani tukajaribu. Paka juu ya ukuta wa jirani alionekana kama balbu yenye masikio. Mbuzi walionekana kama wamepakwa chokaa. Mjomba alikishika kile kitu na hakukirudisha kwa muda wa nusu saa nzima, mpaka shangazi akauliza kama amelala na jicho wazi.

Sasa mjomba ana shamba upande wa pili wa mto Luiche, mahindi na mihogo, na nguruwe pori wanamtesa haswa. Usiku mmoja tu wakiingia, asubuhi unakuta shamba limelimwa upya. Isitoshe damu ya uwindaji anayo. Babu aliwinda, na lile gobore la babu, lenye kibali chake, mpaka leo liko kwake. Binamu akamwambia akitaka anaweza kumletea darubini mpya ya joto. Bei yake inapita ada yangu ya mwaka mzima. Mjomba ana hela kidogo aliyoiweka, jasho la misimu kadhaa ya dagaa. Akanigeukia mimi. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Nitafutie huko kwenye vitabu vyenu. Kitu hiki kinalipa, au naliwa?"

Nikamwambia, mjomba, mimi nasoma historia, sisomi mitambo. Akasema, "Basi ndiyo hiyo hiyo. Waliotangulia waliwaonaje wanyama?"

Aisee. Lile swali lilinikaa.

Nianze na kichekesho kimoja cha kwetu. Mnakumbuka tulivyofundishwa shule kwamba Burton na Speke ndio Wazungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika, tarehe 13 Februari 1858? Sasa katika hao wawili, mwindaji hasa alikuwa John Hanning Speke, mtu wa bunduki tangu India. Na siku ile ile walipofika juu ya kilima, macho yake yalikuwa yameshambuliwa na ugonjwa kiasi kwamba ziwa zima aliliona kama ukungu tu. Richard Burton mwenyewe miguu ilikuwa imekwisha, anabebwa. Yaani "waliogundua" ziwa mmoja haoni na mwingine hatembei. Waliowafikisha pale ni wapagazi na watu kama Sidi Mubarak Bombay, ambao macho na miguu vyote vilikuwa vizima. Na vifaa walikuwa navyo. Walipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwa hiyo kifaa cha kupima joto kimeingia Ujiji zamani sana, ila hakikuja kutafuta nyama.

Pembe za ndovu je? Ujiji ya wakati wa Livingstone (alifika mara ya kwanza mwaka 1869, na Stanley akamkuta pale mwaka 1871) ilikuwa mji wa biashara, na pembe nyingi zilizopita pale zilitoka ng'ambo ya ziwa, Manyema. Wafanyabiashara walikuwa na bunduki na bidhaa. Kumjua ndovu alipo ilikuwa kazi ya watu wa msituni wenyewe. Ukisoma habari za misafara ile unaona bunduki zinasifiwa kila mahali, lakini yule aliyeinama akaangalia udongo na kusema "wamepita hapa asubuhi" hata jina lake halikuandikwa. Hilo huwa linaniuma kidogo, ingawa leo silo nililokusudia.

Mjomba ndiye aliyenieleza babu alivyofanya, na nilimwomba arudie mara mbili ili niandike. Mnyama huanza kuonekana chini kabla hujamwona mbele. Unasoma ukingo wa unyayo: kama umekatika vizuri ni wa sasa hivi, kama umemomonyoka au mdudu ameshapita juu yake, sahau. Unabeba majivu kwenye kitambaa, unayapuliza kidogo kujua upepo unakwenda wapi. Kiangazi unakaa karibu na maji. Nyika ikichomwa na majani mabichi yakaanza kuchipua, unajua pongo watakuja hapo. Na kinyesi unakigusa. Ndiyo, unachomeka kidole. Kikiwa na joto ndani, mnyama yuko karibu, na kikiwa baridi umechelewa. Vivyo hivyo pale mnyama alipolala, unaweka kiganja kwenye majani yaliyolaliwa.

Mjomba aliposema hayo nikacheka, maana yeye mwenyewe hakuona alichokisema. Babu alikuwa na kipima joto cha kuwindia miaka yote ile. Kilikuwa kwenye ncha ya kidole.

Tofauti ni kwamba kidole cha babu kilimlazimisha atembee. Mpaka anafika kwenye kile kinyesi ameshajua ni cha mnyama gani, mkubwa au mdogo, yuko peke yake au na watoto. Joto lilikuwa neno la mwisho kwenye sentensi ndefu. Ile darubini inakupa neno la mwisho peke yake.

Tuje kwenye sheria, nitapita haraka kwa sababu wengi mtasinzia. Wajerumani walitoa amri ya wanyamapori mwaka 1896 chini ya Gavana Wissmann, ikaleta leseni na maeneo ya hifadhi. Waingereza wakafuata na zao. Mwaka 1933 nchi zenye makoloni Afrika zilikutana London na kuweka mkataba, na kati ya mbinu walizozikataa ni kuwinda kwa taa kali za kuduwaza mnyama, kwa sumu, kwa kuzungushia moto, na kwa kukimbiza kwa magari au ndege. Baada ya uhuru tukawa na sheria ya mwaka 1974, kisha hii ya sasa, Sheria Namba 5 ya mwaka 2009. Katika sheria hizi, kuwinda usiku na kuwinda kwa taa ya bandia vimebaki kuwa makosa.

Nilipomwambia mjomba habari ya usiku, akanijibu palepale: "Mimi siwindi. Nalinda." Na darubini haina taa, akaongeza, inaangalia tu. Mnaona? Mwanasheria kapotea shambani.

Lakini kuna kitu nilikigundua wakati nasoma hayo, na nadhani ndicho kinachonifanya niandike. Ule ule mwanga ambao nchi kavu ni ujangili, hatua mia moja kutoka hapo, majini, ni kazi halali inayolisha mkoa mzima. Kama hujawahi kukaa ufukweni Ujiji, Katonga au Kibirizi usiku usio na mwezi, umekosa. Ziwa linawaka. Taa ni nyingi mpaka unadhani kuna mji mwingine huko mbele umejengwa juu ya maji, halafu asubuhi unaamka mji haupo.

Dagaa mchana wako chini. Usiku wanapanda karibu na uso wa maji, wakifuata vijidudu wanavyokula. Ukiweka mwanga, vijidudu vinakusanyika, dagaa wanafuata, na migebuka wanafuata dagaa. Kwa hiyo mvuvi wa kwetu hamtafuti samaki. Anamwita. Zamani waliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi na kuchota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu kama upawa wa jitu. Zikaja karabai za mafuta ya taa, zikafukuza moto wa kuni. Miaka ya 1950 ikaja mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu mkubwa unaoshushwa katikati na kunyanyuliwa, ambayo sisi Kigoma tunaiita kipe. Miaka hiyohiyo upande wa Burundi Wagiriki wakaleta meli za nyavu za kuzungushia. Sasa karabai nazo zimeondoka, wameingia na taa za betri na sola, nyeupe, kali, hazitaki mafuta wala kupampu.

Kila hatua hapo ilikuwa na sababu nzuri. Moto wa kuni unaunguza mtumbwi. Karabai inakula mafuta na inapasuka kioo mawimbi yakija. Taa ya sola ni nafuu. Hakuna hata hatua moja ambayo ungemwambia mtu "usifanye" na ukawa na haki. Mjomba mwenyewe alianza kijana na karabai mbili. Leo kipe chake kina taa tano, na anasema kapu anazopata si zaidi ya zile za karabai mbili. Mara nyingi ni pungufu.

Hapo ndipo msomi akaingia na habari nyingine ya joto. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti katika jarida la Nature kuhusu ziwa letu. Waligundua ziwa linapata joto. Maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye supu, na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini ambako ndiko kuna virutubisho. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo virutubisho vikikwama huko chini vimekwama kweli. Walikadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki kupungua kwa kama asilimia 30. Wavuvi na wataalamu bado wanabishana kiasi gani ni joto na kiasi gani ni sisi wenyewe na nyavu zetu. Ila matokeo tumeyaona. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumue. Nyumbani siku zile hela ilikuwa ngumu, mnaotoka Kigoma mnajua.

Kwa hiyo kama mnaniuliza kifaa gani cha joto kimewahi kumwambia mvuvi wa Tanganyika kitu cha maana, ni kipimajoto cha kushusha majini kwa kamba. Kilimwambia habari mbaya, lakini ya kweli.

Sasa hii darubini yenyewe. Mwaka 1800 huko Uingereza, mtazama nyota William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Akaweka kimoja pembeni ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kikapanda kuliko vyote. Ndiyo hiyo miali ya joto tusiyoiona. Kila kitu kinaitoa, mimi, wewe, ukuta. Darubini ya joto inaisoma na kutuchorea picha. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya majeshi. Kuanzia miaka ya 1990 teknolojia ya bei nafuu zaidi ikaanza kutoka nje ya kambi, mpaka leo binamu anainunua dukani.

Inaona nini na haioni nini? Hapo ndipo mjomba alitaka jibu, na siku tatu kabla sijaondoka tulikwenda nayo.

Kwanza tulisimama ufukweni. Ziwani hakuna kitu. Samaki hana joto lake, ana la maji yaliyomzunguka, na maji yenyewe hayapitishi ile miali. Ulikuwa unaona mashua, injini inang'aa, watu ndani wanang'aa, na ziwa lote ni shuka la kijivu. Mjomba akasema, "Basi huku haina kazi." Moja hiyo.

Tukaenda shamba. Tulifika jioni jua ndio linazama, na kwa saa nzima ya kwanza kile kitu kilikuwa kinatudanganya. Mawe yaliyopigwa jua mchana yalikuwa meupe pee. Kichuguu kimoja kilituweka dakika kumi, tunakinyatia. Mjomba anaapa alikiona kikisogea! Kadiri usiku ulivyokwenda vitu vikapoa na picha ikatulia, na binamu alikuwa ametuambia hivyo, kwamba saa nzuri ni alfajiri kabla ya jua. Kwenye mahindi machanga ilikuwa ajabu kwa kweli. Panya unamwona. Sungura unamwona mbali sana. Lakini kwenye mihogo iliyokomaa, na kwenye miti ya upande wa mto, hamna. Jani ni ukuta. Ile mashine haipenyi majani, wala haipenyi kioo cha dirisha. Ukiona doa jeupe kati ya matawi, ni kipande cha kitu ambacho ukubwa wake hukijui.

(Nilikuja kusoma baadaye kwamba huku kwetu magharibi, bonde la Issa, watafiti walirusha droni kutafuta viota vya sokwe mitini kwa kamera za kawaida, na walipata sehemu tu ya viota ambavyo watu wa chini kwa miguu walikuwa wanavijua. Majani hayo hayo. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 alikaa juu ya kilima na darubini ya kawaida miezi na miezi mpaka sokwe wakamzoea. Marehemu alituacha Oktoba 2025, Mungu amrehemu.)

Nilikuwa nimeshamweleza mjomba habari ya Maasai Mara. Mwaka 2016 WWF walisaidia askari wa hifadhi kule Kenya kupata kamera za joto, mojawapo imefungwa juu ya gari, na ndani ya miezi michache zaidi ya majangili 20 walikamatwa. Kule ni uwanda wa majani, unaona mbali, na askari wako na gari na redio na wenzao. Na waliokuwa wanatafutwa ni watu. Hilo nililisema kama mzaha: mjomba, mahali ambapo kifaa hiki kimesifiwa zaidi Afrika Mashariki, kilikuwa kinawinda wawindaji. Akacheka sana.

Basi kama saa tisa usiku, tumejikunyata chini ya mwembe, mimi nasinzia, mjomba akanigusa bega. Akanipa darubini bila kusema. Pembeni ya mihogo, kama hatua themanini, kulikuwa na umbo jeupe, chini chini, linatikisika. Nyuma yake dogo. Mama na mtoto wake, nikawaza, nguruwe, wanafukua. Na walikuwa wanafukua kweli, tulisikia udongo. Mjomba akachukua gobore. Lilikuwa na baruti, fataki ameshaiweka. Nataka niwe mkweli kwenu, mimi nilifurahi. Nilitaka apige. Nilikuwa nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyowasimulia.

Mjomba hakupiga. Alikaa vile vile, kitako begani, muda mrefu. Halafu lile umbo likakohoa.

Nguruwe hakohoi hivyo. Lile umbo likainuka, likawa refu, likajifunga kitu kiunoni, likamshika dogo mkono, yakaondoka kuelekea njiani. Mwanamke na mtoto. Walikuwa wanachimba mihogo yetu.

Mjomba alishusha gobore polepole, akaitoa ile fataki kwa vidole vinavyotetemeka, ikamponyoka kwenye majani na hatukuitafuta. Hakuniambia kitu mpaka alfajiri. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga mwanzoni, akasema upepo ulikuwa unatoka kule kuja kwetu, na nguruwe wananuka. "Nilingoja harufu. Haikuja."

Wadau, nimelifikiria hilo jambo kila siku tangu nirudi. Kile kifaa hakikukosea. Kilisema pana joto, na joto lilikuwepo. Kosa lilikuwa letu sisi, tulioona joto likiwa chini na tukajaza yaliyobaki. Kilichomwokoa yule mama ni pua ya mzee na majivu ya babu.

Na mkoa wetu sio jangwa la Maskati, ambako ukiona kitu cha moto usiku pengine ni ngamia. Usiku wa Kigoma una watu. Warina asali, wachoma mkaa, wapita njia waliochelewa, wenye njaa. Kuna ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2008 kuhusu kambi za wakimbizi za Kigoma na Kagera. Nyama ya porini huko kambini waliipa jina la mchicha wa usiku, kwa sababu ilipikwa giza likishaingia. Mgao wa chakula haukuwa na nyama, msitu uko karibu, mtu afanyeje. Ukienda maeneo kama hayo na darubini ya joto utaona mengi yanang'aa. Sijui utapata pongo wangapi.

Basi jibu langu kwa mjomba, nililoliandika kwenye karatasi kama mtihani, lilikuwa hivi. Kwa kuwinda, hapana. Usiku, wakati kifaa kinafanya kazi vizuri, sheria inakukataza. Mchana, wakati sheria inakuruhusu ukiwa na leseni, mawe yana joto kama mnyama. Msitu wetu una majani. Kinakuonyesha kwamba kuna kitu bila kukwambia ni kitu gani, na risasi hairudi. Kwa kulinda mahindi machanga, ndiyo kinafaa, ukiwa na debe la kugonga badala ya gobore. Ila debe huhitaji hela za ada ya mwaka kulinunua, na nguruwe wanalisikia hata kama hujawaona. Kwa askari wa hifadhi kwenye uwanda wazi, kinafaa sana. Kwa kuhesabu wanyama waliobaki, labda ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na hiyo hakuna mtu wa Ujiji atakayeilipia kutoka mfukoni mwake.

Mjomba aliisoma ile karatasi kwa miwani ya shangazi. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Umesoma," akasema. Darubini akamrudishia binamu. Nikasafiri na roho nyeupe kabisa, najiona mtaalamu.

Jana kanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaulizana hali, wote wazima, nguruwe wamerudi. Nikamuuliza zile hela vipi. Kimya kidogo. Amenunua taa tatu za sola za kipe. Zile kali.

Nikamwambia, mjomba, si nilikueleza habari ya ziwa? Taa zinaongezeka, dagaa hawaongezeki. Akasema ananielewa vizuri sana, na karatasi yangu anayo. "Lakini jirani yangu ana taa nane, mpwa. Mimi nina tano. Dagaa wakipanda, wanaenda kwenye nane. Sasa niambie, huko kwenye vitabu vyenu, yupo mtu aliyewahi kuzima taa yake peke yake?"

Nilimwambia nitamtafutia. Mpaka sasa hivi, saa nane kasoro, sijapata. Mwenye kujua aniambie. Kesho nina kipindi saa mbili asubuhi, ngoja nijilazimishe kulala.